Wimbo wa Shaibu Niliosema Nimeufuta

Akili yangu inakataa mpaka sasa. Jumatatu Shaibu alikuwa ananitania ofisini, Alhamisi tumemzika Magomeni ya huku kwetu kusini. Homa ya siku mbili tu.

Kwa msiomjua: alikuwa mpima uzito wa ghala la korosho, mimi karani wa ghala hilohilo. Aliniita Bwana Faili. Alidai hata salamu naitaka kwa maandishi.

Siku moja lunch time, wenzetu walipokwenda kula, yeye alichomeka gitaa lake kwenye spika mbovu. Mimi nililinda mlango boss asitukute.

Hapo ndipo alipourekodi wimbo wake wa blues rock, "Mvua Imewahi". Alitumia simu yangu kwa sababu yake ilikuwa imeharibika. Nakala ni hiyo moja.

Niwaeleze ulivyo, maana sauti yenyewe siwezi kuiweka hapa.

Gitaa linaanza chini, linakwaruza kama bati linaloburutwa. Anaingia: "Mvua imewahi, mama, korosho ziko nje." Anaurudia mstari uleule, safari hii amekaza koo. Kisha anaujibu: "Na aliyekuwa akizianua, leo hayupo."

Nilimwambia huo ni mtindo wa blues za Wamarekani weusi, nimeusoma. Akanijibu, "Bwana Faili, bibi yangu kule Nanyamba aliimba hivihivi kwenye ngoma, na hakuwahi kupanda ndege."

Mapigo ni ya ngoma ya sindimba. Aliyapiga kwa kisigino juu ya ubao.

Karibu na mwisho gitaa linanyamaza, inabaki pumzi yake tu, inapanda na kushuka kama kwenye dhikri alizokwenda na baba yake utotoni. Nikifika hapo mwili unanisisimka. Hakuiga popote. Aliviunganisha vyote mpaka mshono hauonekani.

Sasa linalonitetemesha. Baada ya mazishi kaka yake mkubwa, Kaka Bakari, aliniita pembeni. Kwa upole kabisa aliniomba nifute nyimbo zote za marehemu, zisije zikamwandama kaburini. Nikamjibu kwamba nimeshafuta.

Sijafuta.

Kaka Bakari, najua uko humu kwenye grupu. Nilikudanganya msibani, na kuliandika hili kunanitisha kuliko boss yeyote. Lakini wimbo wenyewe hujausikia. Huyo aliyekuwa akianua korosho ni marehemu baba yenu. Siku tuliyomzika mzee, Shaibu hakutoa chozi, nanyi mkamsema. Alimlilia ndani ya wimbo huu.

Kesho baada ya swala ya Alasiri nakuja kwako Ufukoni na simu. Usikilize peke yako, mara moja tu. Ukisema nifute, nitafuta mbele ya macho yako, na sitabaki na nakala.

Shaibu, ulikuwa na ujasiri ambao mimi sina. Mola akusamehe, akupanulie kaburi lako. Lala, ndugu yangu. Kesho nitapiga hodi kwenu, na safari hii nitasema kweli.