Ndoo ya Mwarobaini

Jirani yangu tunamwita Mama Majani, na jina hilo halimchukizi. Anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake. Wakianza kukoroma, hakimbilii duka la dawa. Anaponda kitunguu saumu na kukikamulia kwenye maji yao. Majani ya mlonge huyakausha kivulini, akayatwanga, akachanganya kiasi kwenye chakula. Kuku wake hujaa vifua, na mpishi wa hoteli ya stendi alikuwa hachukui kwingine.

Kisha wifi yake, dada wa mumewe, naye akajenga banda upande wa pili wa ua. Haukupita muda akamfuata mpishi jikoni kwake.

"Wale wa wifi yangu wanalishwa mitishamba. Nyama chungu! Ukila utadhani umemeza kwinini."

Mpishi akahamia kwa wifi, na wateja wengine wakamfuata.

Mama Majani alipopata habari hakupiga kelele. Tulipotoka kusali nilimshika mkono, nikamwambia, "Mwachie Mungu, dada."

"Namwachia," akanijibu. "Ila nitamsaidia kidogo."

Alikuwa amegundua jambo. Wifi yule yule aliyeyatukana majani alikuwa akichungulia uani kila asubuhi, apate kuiga. Basi Mama Majani akatoa kinu nje, mahali pa kuonekana. Akatwanga lundo la mwarobaini, akaloweka ndoo nzima, maji yakawa kijani cha kutisha. Yalikuwa ya kuoshea kuta na mbao za banda, kufukuza utitiri. Kuku hawakuonjeshwa hata tone. Akaibeba ndoo huku akiimba pambio, akaingia nayo bandani, akafunga mlango. Wifi macho yake yaliishia hapo.

Naye akaloweka wake, akaujaza kwenye vyombo vya kunywea. Kuku wakaonja, wakatikisa vichwa, wakasusa. Na kuku asipokunywa maji, hali chakula. Joto lilikuwa kali. Wakabaki wameachama midomo, vifua vimechongoka kama visu.

Mpishi alipokuja kuchukua mzigo, alimwinua mmoja. "Huyu ni kuku au njiwa?" Akavuka kwa Mama Majani, akawakuta wanono.

"Siuzi," akaambiwa. "Aliyekwambia wangu wachungu aje akwambie vingine."

Haikuchukua muda wifi akaja analia. "Wifi, wanakufa! Niambie dawa."

"Twende hotelini kwanza."

"Jamani wifi, wanakufa!"

"Basi tembea upesi."

Nikawafuata. Mle jikoni, mbele ya waosha vyombo, wifi akasema kwa sauti ya chini, "Nilimsingizia."

"Sijasikia," akasema Mama Majani. "Na wale kule kwenye masufuria hawajasikia."

"Nilimsingizia! Kuku wake hata sijawahi kuwaonja!"

Mpishi akaagiza kuku pale pale, kwa Mama Majani. Njiani wifi akauliza awape wake majani gani.

"Mwaga hayo. Osha vyombo. Wape maji."

"Maji gani?"

"Maji tu, wifi. Hujawahi kuyaona?"

Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki ikabidi wifi awashike mmoja mmoja, awachovye midomo majini, jasho likimtiririka. Nikamnong'oneza Mama Majani kwamba sasa yatosha, aingie akamsaidie.

Akavuta kigoda hadi kwenye ua, akakaa.

"Bado hajawanywesha wale wa pembeni," akasema. "Ngoja kwanza nimtazame."