Ratili za Baba

Sitaki kusikia mtu akijisifu kwamba gari lake linavuta. Kuvuta ni nini? Hata punda anavuta. Muulize linabeba kiasi gani mgongoni, na kama hajui, anyamaze kwanza akasome ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Mimi sikuisoma.

Mwaka 2015 tulikuwa tunakaa Louisville, upande wa Iroquois, mimi, mke wangu na baba. Katika watoto tisa wa bibi yangu, walikuwa wamebaki wawili tu: baba na dada yake mkubwa. Vita vya kule milimani Kivu Kusini viliwatenganisha, kila mmoja akaangukia kambi ya wakimbizi ya nchi tofauti, na kwa miaka kumi na minane walisikiana kwa simu tu. Mwanzo wa mwaka ule shangazi akaletwa Buffalo, tayari ini limeharibika. Saa tisa za barabara baina yao! Kila Jumapili baba aliniuliza, "Donc, basi, tunaenda lini?" Nami namjibu, ngoja kidogo, Papa. Nilikuwa nimepata kazi katika kiwanda kimoja Tonawanda, jirani na Buffalo, nikanunua trela iliyotumika ya kuvutwa na pikapu yangu, ile kubwa yenye vyumba, ili tukaishi humo hadi tupate nyumba. Nilisema safari moja itamaliza mambo yote: kuhama, kazi, na shangazi. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi moja ya Julai binti wa shangazi akapiga simu. Mama yake amelazwa, na madaktari wamesema ni siku za kuhesabu, labda wiki. Baba alivaa suti yake saa ileile, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Tulipomwambia tunaondoka Jumamosi, hakuivua. Alilala nayo.

Sasa, sisi watu wa kule tuna desturi moja: msafiri hakatai mzigo. Habari ikifika kanisani kwamba mtu anaenda mahali penye ndugu zetu, basi umekwisha. Ijumaa walikuja mmoja mmoja. Unga wa muhogo, mifuko na mifuko. Maharage. Samaki wakavu. Madumu ya mawese. Vitenge vya harusi ya mtu. Mama mmoja alileta kinu na mchi wake, nikamuuliza kama Buffalo hakuna miti. Akacheka, akakiacha palepale. Kila mzigo ulikuwa na jina la mwenyewe, na baba ndiye aliyepokea, akiwaahidi watu mikono miwili kifuani.

Tulipakia jinsi tulivyoona malori ya Fuso yakipakiwa kwetu Uvira tangu utoto: mizigo mizito mbele, halafu unasukuma mpaka mlango ukatae. Trela za namna ile zina chumba cha kulala kilichoinuka mbele kabisa, juu ya mgongo wa pikapu. Humo ndimo tulimojaza unga wote. Mke wangu aliuliza, "Haitazidi?" Nikamjibu kwa hasira kwamba aliyeniuzia pikapu alisema inavuta ratili elfu kumi, na trela haifiki hata elfu tisa. Mimi mwanamume najua gari langu. Loo!

Tuliondoka alfajiri. Kabla hata ya Cincinnati usukani ulianza kuwa mwepesi mikononi mwangu, kana kwamba magurudumu ya mbele hayagusi lami. Nyuma gari lilikuwa limekaa chini, pua yake inatazama juu. Baba akasema anasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasema ni gari la jirani. Tulipofika Columbus hakukuwa na jirani tena, na harufu ilikuwa ileile, nikaingia kwenye kituo cha mafuta cha malori.

Palikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori, anakunywa kahawa. Aliitazama pikapu yangu, akazunguka, akagusa tairi la nyuma na kuurudisha mkono haraka. Akaniuliza kama nataka kuua familia yangu. Damu ilinipanda, lakini alikuwa ameshafungua mlango wangu na kunionyesha ile karatasi: watu na mizigo, vyote pamoja, visizidi ratili elfu moja na mia tisa. Nikamwambia trela haimo ndani ya gari, inavutwa. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole kwamba trela ya namna hii haifungwi kwenye mkia. Kichwa chake kinalala mgongoni mwa pikapu, na uzito wa kichwa hicho unahesabiwa ni mzigo, sawa na watu walioketi ndani. Halafu akauliza nini kimo mle chumbani mbele. Nikamwambia unga.

Pale kituoni palikuwa na mizani ya malori. Tulipima tukiwa na trela, tukaifungua, tukapima bila trela, tukatoa namba moja kwenye nyingine. Tulikuwa tumezidisha zaidi ya ratili mia nane. Tukahamisha mifuko hadi nyuma, juu ya magurudumu ya trela yenyewe, mpaka mzee akasema basi, ukirudisha nyuma zaidi itaanza kuyumba njiani na itawaangusha. Tukapima tena. Bado tumezidisha mia tatu.

"Tushushe unga," nikasema. "Mifuko sita tu. Tuuache hapa."

Baba alinitazama usoni. "Muzigo ya watu? Mimi ndiye nilipokea. Haiachwe mu njia."

"Papa, ni unga!"

"Ni amana." Kisha akauliza, "Mimi niko na ratili ngapi?"

Nilijua anachotaka, na sikumkataza. Akapanda mizani ndogo iliyokuwa dukani: mia na arobaini. Mke wangu naye akapanda, akafunika namba kwa mkono, akaninong'oneza mia na sitini na tano na kwamba nikimwambia mtu nitalala nje. Jumla mia tatu na tano. Ilitosha. Clintonville, mtaa wa humohumo Columbus, kulikuwa na familia ya kwetu, watawapokea, na mimi kesho asubuhi nitarudi na pikapu tupu niwachukue. Daktari si amesema wiki?

Mzee wa lori aliuliza kwa nini nisiiache trela palepale niwakimbize watu wangu. Namsikia mpaka leo. Nilimwambia polisi wataikokota, wezi wataiiba, Jumatatu naanza kazi, itabidi nipoteze siku nzima kuirudia. Nilikuwa na sababu nyingi, mimi. Baba alishuka na suti yake, na mfuko wa nailoni wenye Biblia na kitambaa cha kichwa alichomnunulia dada yake. Akakitoa kitambaa anipe, akaona hapana, akakirudisha mfukoni. "Nitamupatia mwenyewe kesho," akasema.

Nikaendesha peke yangu. Gari lilitulia kabisa, usukani ukashika. Niliimba hata.

Nilifika hospitalini saa moja jioni, jua bado liko juu. Shangazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo kuliko sauti niliyoizoea kwenye simu. Alinitazama, akanijua, akatabasamu. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Kaka yangu iko wapi?"

Binti yake akanitazama. Muuguzi akanitazama. Ningesema nini? Ningesema nimemshusha Columbus ili nisishushe unga?

"Anaegesha gari, shangazi. Anakuja sasa hivi."

Aliitikia kwa kichwa. Akamwomba binti yake amwinue zaidi. Akakaa hivyo, macho mlangoni, na kila viatu vilipopita kwenye korido vidole vyake vilikaza shuka. Nilitoka mara mbili nikajifanya namwita baba. Mara ya pili niliporudi, binti yake alikuwa analia.

Ilibidi nipige simu Clintonville. Mke wangu alipokea, nikamwambia ampe Papa. Nikamwambia baba kwa maneno machache kwamba dada yake ameondoka. Hakulia. Aliuliza, "Alikuwa na akili yake?"

"Ndiyo."

"Aliuliza juu yangu?"

"Aliuliza."

"Ukamuambia nini?"

Nilitaka kudanganya, lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha siku ile. Nikamwambia: nilisema unaegesha gari.

Nilisikia watoto wa ile nyumba wakicheza kwa Kiingereza.

"Mimi sijashika usukani hata siku moja," akasema baba. "Na yeye anajua. Basi alijua sikuja."

Akamrudishia mke wangu simu.