Jina Langu Lilienda Shule

Mwaka wa 1970, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida yangu ilipoanza, na ilianza na harufu ya moshi wa injini. Mama alitutoa nyumbani magharibi, mimi na kaka yangu Yohana, akatuleta Nairobi kwa gari moshi. Tulishuka masizi yakiwa yameingia mpaka masikioni. Baba alikuwa mfagiaji katika ofisi za reli, naye alikuwa amepewa chumba kimoja mtaa wa Kaloleni, nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, karibu na ukumbi ambamo watu wa kwetu walikutana kila Jumapili baada ya ibada. Chumba kilinuka mafuta ya taa, samaki mkavu na ovaroli ya baba. Watoto wa mtaa walituzunguka siku ya kwanza. Mmoja akajua tumetoka mashambani, akauliza, "Hawa wa ushago wanajua choo cha kuvuta maji?" Wenzake wakacheka. Yohana alilia. Mimi nilikuwa nasoma maandishi yaliyokuwa ukutani kwa jirani, sikuwa na nafasi ya kulia.

Nasema bila haya: nilikuwa na akili. Sisemi ili nisifiwe, maana nimezeeka na sifa hazinisaidii. Nilijifunza kusoma nikitazama daftari la Yohana, yeye akiwa darasani na mimi nikichunga ng'ombe. Yohana alinizidi miaka miwili na kichwa kizima kwa urefu, lakini vitabuni alikuwa mzito, na yeye mwenyewe alijua. Siku moja baba alisahau chakula chake, mama akanituma nimpelekee. Nikiwa namngojea pale ofisini nilianza kusoma kwa sauti karatasi za mizigo zilizobandikwa mlangoni, za Kiswahili na za Kiingereza. Karani mkubwa, Mhindi wa Goa mwenye miwani, akatoka akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia baba, "Wewe mtoto kama huyu unampeleka wapi?" Baba akasema, shule ya mtaa. Karani akatikisa kichwa. Akaandika barua kwa mama mmoja Mzungu, mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa ng'ambo ya mji, shule iliyokuwa ya Wazungu watupu miaka michache tu nyuma, na sasa ilikuwa inachukua Waafrika wachache wachache.

Baba alinipeleka. Yule mama alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akanipa kitabu, akanipa hesabu, akanipa picha nizieleze. Tulikaa naye asubuhi nzima. Aliniuliza jina mara mbili akaliandika: Zablon. Alinishika shavu akamwambia baba kwamba mtoto huyu atafika mbali. Baada ya wiki mbili barua ikaja. Nafasi ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu.

Hapo ndipo watu wasio wa kwetu hushindwa kunielewa. Kwetu mdogo hamruki mkubwa. Haoi kabla yake, hajengi kabla yake, hata mahindi mapya hayaonji kabla yake. Hakuna aliyewahi kufikiria shule, kwa sababu shule za nyumbani zilikuwa za aina moja na watoto walifuatana kama walivyozaliwa. Sasa baba aliketi na ile barua mapajani na hakufurahi hata kidogo. Siku nzima alikuwa mtu wa kuinuka na kuketi. Mwishowe akatamka kwamba Yohana ndiye atakayeenda.

Mama akaacha kukoroga uji. "Baba Yohana, barua imemtaja Zablon."

"Umeniitaje?"

"Baba Yohana."

"Basi. Mimi ni Baba Yohana. Nikimpitisha mdogo, pale ukumbini nitaitwa nani?"

"Na yule Mzungu je? Si amemwona mtoto kwa macho yake?"

Baba akacheka, na hicho kicheko sijakisahau. "Mzungu hatofautishi watoto wetu. Akikuona wewe leo na dada yako kesho, atadhani ni mtu mmoja amebadilisha kitambaa."

Jioni hiyo alimfunza Yohana. Alimsimamisha katikati ya chumba akamwambia, ukiitwa Zablon, itika. Akaita, "Zablon." Yohana akanyamaza, mimi nikaitika. Sikufanya ujeuri, ni mazoea tu, ndilo jina nililokuwa nalo. Baba akanizaba kofi. "Si wewe." Akaita tena, Yohana akitazama sakafu, na mdomo wangu ukaitika tena peke yake. Kofi la pili. Mara ya tatu niliuma ulimi, Yohana akasema "Naam" kwa sauti ndogo, na baba akasema vizuri. Mama alikuwa ametupa mgongo, anakoroga uji uliokwisha kuiva.

Siku ya kwanza ya shule nilimngojea Yohana kwenye kona tangu saa saba mchana. Nilikuwa na hakika kwamba yule mama Mzungu angemrudisha. Alikuwa amenitazama asubuhi nzima. Alikuwa amenishika shavu. Yohana alikuja amevaa sweta ya kijivu, viatu vimemkaza.

"Alikujua?" nikamuuliza.

"Alinishika kichwa," akasema. "Alisema nimerefuka."

Baba alinikosea, lakini baba alikuwa na sababu yake, hata kama ilikuwa ya kijinga. Yule mama hakuwa na sababu. Aliona akili yangu, akaisifu, akaiandika kwa wino, lakini uso wangu hakuuona. Kati ya hao wawili, baba nilimsamehe siku tuliyomzika. Huyo mwingine bado.

Mimi niliingia shule ya mtaa, tukikaa watatu kwenye dawati la watu wawili. Jioni Yohana alileta kazi za nyumbani nami nikazifanya, kwa sababu yeye hakuziweza na mimi nilizitamani. Ripoti zilirudi na alama nzuri za kazi hizo, Zablon hivi, Zablon vile, na baba alizibeba ukumbini Jumapili akazionyesha watu. Nilipofika darasa la sita baba alianza kuumwa kifua, akasema mmoja wetu aache. Hakuna aliyeuliza nani. Nikaenda soko la Gikomba kuokota vipande vya mbao kwa maseremala, kisha kupiga randa, kisha kutengeneza vitanda vyangu mwenyewe vya kuuza. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Yohana alisoma akamaliza, akapata kazi ya ofisi, akastaafu nayo. Vyeti vyake vyote vina jina langu, na hata barua ya kumuaga kazini iliandikwa Zablon. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Alikunywa chai, akatazama nje dirishani, kisha akasema, "Unafikiri nilikuwa nakula asali kule? Walinipiga kwa kushindwa kujibu darasani yale uliyokuwa umeniandikia nyumbani." Nilimwambia, "Pole." Nilimaanisha, lakini haikuondoa chochote. Sisi ni wazee wawili na kila mmoja anamdai mwenzake utoto.

Siku hizi mtoto ana cheti cha kuzaliwa, ana nambari yake tangu chekechea, ana picha. Hakuna baba anayeweza kubadilisha watoto asubuhi moja. Vijana wa kanisani wenye watoto hunijia kuniuliza shule gani nzuri, nami huwajibu: mpelekeni yule aliyeitwa. Wanadhani natania.

Leo nina jengo la ghorofa tatu Donholm, vyumba kumi na viwili, vyote vina watu. Nina banda la mbao Gikomba na misumeno miwili ya umeme. Nina pikapu moja. Nina ekari tatu nyumbani na nyumba ya matofali juu yake. Nina mke mmoja. Nina watoto watano, na kila mmoja amesoma kwa jina lake. Cheti cha shule sina.