Panga nyuma yetu njia ya maporomoko

Jamani, leo nimefuatwa na panga huku Lushoto.

Mimi na rafiki yangu Neema tunashuka kwenda maporomoko. Njia inateleza, kuna mahali tunashuka kwa makalio. Nyuma yetu yuko mama mmoja na panga lake. Tukisimama, anasimama. Tukiharakisha, naye huyo.

"Huyu ana lake jambo," nikamnong'oneza Neema.

Tulipofika majini, njia ikaisha. Mama akatusogelea.

"Nyie ndio mnaoniibia kabichi?"

"Hapana, mama!"

"Mbona mmenipita nalima pale juu bila hata shikamoo? Asiyesalimia ana alichoficha."

Kweli tulimpita. Tulikuwa tunapiga picha.

Nikatoa shikamoo iliyozidi kelele za maji.

"Marahaba. Haya, tangulieni."

Tumerudi hivyo mpaka barabarani, sisi mbele, panga nyuma. Nani kati yenu angethubutu kugeuka?