Mtoto Aliyenyamaza kwa Nyanyake

Niliyemwonea wivu ni mama mkwe. Nasema mapema, kwa sababu watu wakisikia nilifiwa na mtoto hudhani moyoni mwangu mlikuwa na huzuni tupu.

Tulihamia Wembley kutoka Mombasa, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia London kabla mlango haujafungwa. Tulikuwa wanne katika vyumba viwili vya ghorofani: mimi, mume wangu, mwanetu wa miezi mitano, na mama mkwe, ambaye pia ni shangazi yangu, dadake baba. Mume wangu alikuwa mwalimu, lakini huku vyeti vyake havikukubaliwa, ikambidi arudie mitihani. Mimi nilipata kazi upesi, kuunganisha nyaya katika kiwanda cha redio. Mtoto akabaki na nyanyake.

Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Baridi ilipoingia akawa anaangukia ubavu. Mlango ukibamizwa alishtuka mwili mzima. Kisha macho yake yakaacha kunifuata. Nikirudi kutoka kazini nikimchukua, analia. Shangazi akimpokea, anamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, shavu kwenye kiwiko, anamvumia kitu kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, naye ananyamaza.

"Nipe, umechoka," alikuwa akiniambia.

"Sijachoka."

"Basi mshike hivi."

Nilimshika hivyo hivyo. Akalia.

Hospitalini daktari alimmulika macho, akatueleza polepole: ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Mimi na mume wangu sote tunaubeba bila kuumwa. Hauna dawa. Akauliza kama kuna watoto wengine katika ukoo waliokufa hivyo. Mume wangu akasema hapana. Nilimtafsiria shangazi swali. Akageuka kutazama dirishani.

Jibu alilitoa tukiwa kituoni tunangoja basi.

"Wawili," alisema. "Kabla ya mumeo. Watu walisema degedege, wengine wakasema jini. Niliwabeba hivi hivi."

Mwingine angemkumbatia, au angemkasirikia kwa kutuoza na huku akijua alichokijua. Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: kumbe amepata wawili wa kujifunzia, na mimi ninaye huyu mmoja. Nilimtoa mtoto mikononi mwake mbele ya watu. Alilia njia nzima hadi nyumbani, na sikumrudisha.

Alikufa mchana, siku ya kazi, hajatimiza miaka miwili. Msimamizi alikuja akanigusa bega nikiwa kwenye mashine. Nilipofika nyumbani, mtoto alikuwa bado mapajani mwa nyanyake, amefunikwa mtandio.

"Alilia?" nikauliza.

"Hapana, mwanangu. Hakulia hata kidogo."

Alidhani ananifariji. Mimi nilitamani aseme alilia, walau mara moja, alipoona sipo.

Wanawake waliokuja kutupa pole walimshika mkono yeye kwanza. Kwa umri wake ilikuwa haki, lakini hata hilo lilinichoma.

Baadaye nilijaliwa binti, mzima. Mume wangu alikuwa ameshaanza kufundisha, nami niliacha kiwanda mara nilipojua nina mimba. Shangazi alipomnyooshea mtoto mikono, nilimwambia amelala. Macho ya binti yangu yalikuwa wazi kabisa. Shangazi hakuniomba tena.

Mwaka uliofuata alisema anakwenda kukaa na mwanawe mdogo, Leicester. Mume wangu akaniuliza, "Tumemkosea nini mama?" Nikamjibu kwamba kule kuna jamaa wengi wa kuzungumza nao. Nilimpangia nguo zake sandukuni mimi mwenyewe, zimepigwa pasi zote.

Stesheni aliinama akambusu binti yangu mguuni, juu ya soksi, upesi upesi kama mtu anayeiba. Kisha akapanda treni.