Nilivyomsoma Mchumba Wangu Sinemani

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, na nilikuwa na kitabu cha saikolojia. Nilikipata Shinyanga mjini kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Kilikuwa nusu tu. Kuanzia katikati kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo nilizijua vizuri dalili za kila ugonjwa wa nafsi, ila sikuwahi kufika kwenye tiba. Hilo halikunizuia kuwa mtaalamu.

Utaalamu wangu niliuonyesha kwenye sinema. Jumamosi alasiri madirisha ya bwalo la wafanyakazi yalizibwa kwa magunia, jenereta likawashwa nje, nasi tukaonyeshwa picha. Mikanda mingi ilikuwa imekatikakatika, kwa hiyo ule mmoja uliobaki mzima tuliuona wiki baada ya wiki. Ulikuwa wa kijana anayerudi kijijini kutoka kazini akiwa na sanduku mkononi. Mkewe anamwona kwa mbali, lakini badala ya kumkimbilia anasimama tu mlangoni na mtoto mgongoni, ameinamisha uso. Baadaye wanapatana, wanalima pamba kwa mistari iliyonyooka, na picha inakwisha. Nadhani waliotengeneza walitaka tuitazame ile mistari. Sisi tulimgombania yule mke.

Ubishi ulifanyika nje, kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyeuza togwa karibu na mlango wa bwalo. Alikuwa mjane wa makamo, na wote tulimwita Mayu, yaani mama. Hapo ndipo nilipohutubia. Nilieleza kwamba mke yule ana hofu iliyojificha tangu utotoni. Huenda baba yake naye alisafiri, na sasa kila mwanamume anayerudi anamkumbusha yule aliyeondoka. Nilikunja nyusi zangu ili waone zake zilivyokutana. Nilitumia karibu nusu saa.

Mmanyema mmoja, mtoboa miamba aliyetoka Kigoma, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema sanduku lile ni tupu. Alikuwa amemtazama kijana anavyolibeba: bega halikushuka, na alipovuka mfereji hakubadilisha mkono. Mke ameona kutoka mlangoni kwamba mume karudi bila kitu, sasa akimbilie nini? Hivyo ndivyo yeye alivyotazama sinema zote, kwa uzito wa vitu na jinsi watu wanavyovishika. Aliwahi kutuambia kwamba mzee mmoja kwenye picha ile hajawahi kushika jembe maishani mwake. Tulipoitazama tena tuliona kweli.

Mayu naye alitazama mafiga. Alisema mafiga ya nyumba ile hayana masizi, hapana jivu hata kidogo, na mtoto analia kila mama yule akimgusa.

"Yule si mke wa mtu, wala mtoto si wake," alisema. "Kaitwa tu aje asimame pale. Anaona aibu."

Nilicheka. Nilimweleza kwamba hayo ni mambo ya watengenezaji, sisi tunamchambua mhusika. Akaniuliza mhusika huyo anakaa wapi. Nikamwambia hakai popote, yumo kwenye picha tu. Akaniuliza basi huo utoto wenye hofu aliupatia wapi. Nikaomba togwa nyingine.

Mwaka huohuo nilikuwa nimeposa Masumbwe. Binti alikuwa wa Kisumbwa, amesoma shule ya misheni, na nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Shangazi yake akaleta habari kwamba atakuja naye Geita waone mahali nitakapomweka. Walifika Jumamosi mchana kwa lori la mizigo, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Nilimpa shangazi shikamoo, akaitikia marahaba, nikawapokea mizigo. Mtu mwingine angewapeleka moja kwa moja nyumbani. Mimi nilitazama saa nikaona sinema inakaribia kuanza, na kitabu changu kilisema mtu akizama katika kutazama hujisahau, na uso wake husema kweli. Niliiona ni bahati kubwa.

Siku hiyo ulikuwa umefika mkanda mpya, ambao mgodi mzima ulikuwa umeungoja kwa miezi. Sikuutazama. Niliketi kiupandeupande kwenye benchi, daftari likiwa gotini, nikamtazama mchumba wangu. Alifuta machozi, nikaandika: moyo laini. Baada ya kitambo alicheka akaziba mdomo kwa kanga, nikaandika: furaha anayoiogopa. Kuelekea mwisho alikunja uso na kushika tumbo, nikaandika maneno mengi ambayo leo naona haya kuyarudia, yalihusu hamu ya kuwa mama.

Tulipotoka niliwaketisha kwa Mayu na kumweleza binti matokeo. Nilimwambia kwamba ananipenda ila anaogopa kuhama kwao, na kwamba hofu hiyo ina mizizi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mmanyema alikuwa benchi la pili, anajitahidi kutazama kwingine.

"Ile picha ilihusu nini?" binti akaniuliza.

Nilifungua daftari langu; humo picha haikuwamo.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Machozi yalitokana na moshi wa jenereta uliokuwa ukipenya kwenye magunia. Aliyemchekesha ni yule bwana wa mbele yetu, aliyekuwa akigeuka kila mara kuona kwa nini namkodolea macho mwenzangu. Habari ya tumbo alimwachia shangazi.

"Baba, tumetoka Masumbwe alfajiri. Hujatuuliza hata kama tumekula."

Mayu alikuwa tayari amewamiminia togwa na kumtuma mtu akalete viazi. Mimi nilibaki na daftari. Nilitamani ardhi inimeze, na katika mgodi ule mashimo yalikuwa mengi.

Waliondoka Jumatatu. Baada ya wiki mbili ujumbe ukaja kwa dereva wa lori: binti atajibu baada ya karanga. Niliuchambua ujumbe huo kurasa tatu. Niliandika kwamba karanga ina ganda, kwamba hukua chini ya udongo pasipoonekana, kwamba anataka kuniambia jambo lililofichwa. Nilimsomea Mmanyema. Akanirudishia karatasi zangu.

"Maana yake wanavuna karanga," alisema. "Nenda ukawasaidie."

Niliomba likizo nikaenda. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alinionyesha tuta la mwisho shambani, akarudi kwenye lake. Niling'oa karanga siku nne. Mgongo uliuma, mikono ya karani ikatoka malengelenge, na watoto wa jirani walinipita mara mbili katika kila tuta. Nilijizuia nisisome ukimya wa yule mzee, ingawa kila aliponitazama nilijikuta nazihesabu nyusi zake.

Siku ya nne mchana binti alileta ugali na mlenda shambani. Alingoja nile, kisha akaniuliza kama nyumba yangu ina jiko la peke yake. Nikasema inalo, ila ni dogo. Akauliza kama paa linavuja. Nikasema linavuja upande wa chumbani. Akasema lizibwe kabla ya masika, akachukua vyombo akaenda.

Nilirudi kwenye tuta langu nikiwaza. Jioni nilimwambia shangazi kwamba muda wangu wa likizo unakwisha na bado sijapewa jibu. Alinitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza aliihurumia familia yake.

"Baba, umeambiwa mchana," alisema. "Nenda ukaezeke."

Nilitoa nyasi, nikaezeka kwa bati, nikalipigilia misumari mahali pasipofaa. Baada ya harusi tuliishi humo miaka tisa, na kila mvua ilipoanza kupenya kwenye matundu ya misumari mimi nilishika upande mmoja wa kitanda na yeye mwingine, tukakisogeza hadi ukutani bila kusemezana.