Nafasi ya Miguu ya Umutesi

Namegabe hakuwa mtu wa kuomba. Baadhi ya watu wafupi wana kiburi chao, na cha Namegabe kingewatosha watu watatu. Kwa hiyo siku alipomwambia mkewe, "Mama Chance, utaendesha weye," maneno hayo yalimtoka kwa shida kama jino.

Gari lenyewe lilimfikia likiwa vipande. Mzungu mmoja wa shirika aliondoka Goma kwa haraka, akaacha masanduku mawili ya mbao: ndani yake fremu ya vyuma na bodi ya fibre, gari dogo la viti viwili ambalo alikusudia kuliunganisha mwenyewe siku za mapumziko. Hakufunga hata tairi. Alimwambia Namegabe, fundi wa bodi pale Katindo, alichukue akiweza. Akiweza! Neno hilo lilimchoma fundi wetu na kumtesa kwa miaka. Injini aliitoa kwenye Toyota iliyogonga ukuta, usukani akautoa kwingine, rangi nyekundu akaichanganya kwa mkono wake. Jumapili wenzake walipotoka misani kwenda kunywa, yeye alirudi kwenye gari lake.

Sasa gari lilikuwa tayari, na macho yalikuwa yanakwisha. Wanasema macho hayana pazia, lakini ya Namegabe yalikuwa yakishushiwa pazia kidogo kidogo kutoka pembeni. Daktari alimweleza bila kumficha: kilichopotea hakirudi, dawa itachelewesha tu kilichobaki, na usukani asiushike tena. Namegabe aliiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alitaka jambo moja tu, naye alilisema waziwazi kwa yeyote aliyemuuliza: alione gari lake likitembea barabarani kabla tundu halijaziba.

Mtu wa kuliendesha alikuwepo nyumbani. Umutesi, mkewe, aliendesha pikapu ya parokia kule Rutshuru enzi za usichana wake, akipeleka dawa kwenye zahanati, barabara ikiwa tope au vumbi. Tatizo lilikuwa miguu. Mama huyu alimzidi mumewe kichwa kizima. Siku ya harusi mpiga picha alimwomba bwana harusi apande ngazi moja ya kanisa.

Alipojaribu kuingia garini, majirani walikuja kutazama. Alipokanyaga breki, goti liligonga usukani. Alipokanyaga klachi, goti la pili lilikwama chini ya dashibodi, ikabidi avutwe kwa mabega.

"Papa Chance, hii gari ulitengenezea nani?"

"Mimi."

"Na mimi ningekaa wapi?"

"Pembeni."

Umutesi alicheka mpaka akashika mbavu. Namegabe hakucheka. Aliona aibu, kwa sababu jibu lile lilikuwa la kweli.

Dawa ya gari aliijua. Ukuta wa bati unaotenganisha miguu na injini usukumwe mbele, pedali ziende nao. Betri iliyokaa nyuma ya ukuta huo ihamie nyuma ya kiti. Sakafu ishushwe penye visigino, na kiti kifungwe chini kabisa, bila reli zake. Kukata na kuchomelea kungefanywa na Ntirenganya, rafiki yake mchomeleaji, ambaye macho yake yalikuwa mazima na ulimi wake pia.

"Unipatie tu kipimo," alisema Ntirenganya. "Kutoka kiuno mpaka kisigino, akiwa amejinyoosha sawa vile atakaa ndani."

 Gari lile liko chini sana, na dereva wake hakai kama mtu aliye mezani; analala nusu, miguu mbele. Kumpima dereva wa namna hiyo ni kumlaza kwanza, kisha kumnyooshea kamba. Na hilo Namegabe hakulifanya kwa mtu aliye hai.

Alilelewa kwenye karakana ya baba yake, upande wa Bukavu, palipotengenezwa vitanda na majeneza. Sheria ya pale ilikuwa moja: kamba hainyooshwi juu ya mtu aliyelala akiwa anapumua. Fundi wa nguo na apime viuno apendavyo, wateja wake wamesimama. Mtu akija kuagiza kitanda, mzee aliuliza tu, "Urefu wake kama nani?" kisha akaenda kupima mlango badala ya mtu. Namegabe alihama, akaacha mbao akashika bati, lakini sheria alihama nayo. Maisha yake yote alipima kwa jicho. Hata gari aliliunganisha akijikalisha humo mwenyewe, maana yeye hakuhitaji kamba. Ndiyo maana likawa gari la mtu mfupi.

"Sukuma kiganja kimoja," alimwambia Ntirenganya.

Walikata. Umutesi akaingia, goti likagonga palepale. Walikata tena, safari hii upande mmoja ukazidi na pedali ya breki ikaelea mbali na mguu. Ntirenganya alivua miwani yake myeusi.

"Muzee, tukikata mara ingine hii tole ya bati itakuwa chujio la chai. Macho yako yanadanganya. Pima bibi yako, ao acha gari."

Maneno makali, na ya haki. Namegabe aliingia ndani, akaketi kitandani mpaka mchana ukapita. Aliogopa. 

Alipotoka, alimkuta Umutesi amelala kwenye mkeka uani, nyayo zake zimegusa ukuta wa mbao, kamba ya ujenzi kando yake.

"Kuya, unipime."

"Amuka, Mama Chance. Siwezi."

"Sema sababu."

Sababu waliijua wote wawili.  Mtoto wao wa kwanza, Exaucée, alikufa kwa homa kabla hajaanza kutembea, na jeneza lake alilitengeneza baba yake. Siku hiyo hakuhitaji hata kamba. Mkono wake, kutoka kiwiko mpaka vidole na zaidi kidogo, ulitosha. Tangu hapo hakumwekea kipimo mtu yeyote wa nyumba yake, hata Chance aliyefuata, ambaye kila sare ya shule alivaa ikiwa ndefu au fupi.

Umutesi alimtazama kutoka chini.

"Papa Chance, ulimupima Exaucée sababu alikuwa amekufa. Hakukufa sababu ulimupima."

Katika miaka yao yote hawakuwahi kulisema hilo. 

"Maiti hasemake," Umutesi aliendelea. "Mimi nitasema mpaka umalize. Kamata kamba."

Akaanza. Alisema juu ya sambaza, dagaa wa soko la Kituku, zilizojaa mchanga, juu ya Chance aliyeolewa Bukavu na kusahau kwamba simu hupigwa pia, juu ya Mama Joviale wa jirani anayeimba kwaya kwa pua. Namegabe alipiga magoti. Aliweka ncha ya kamba kiunoni pa mkewe, akainyoosha polepole, akipapasa paja, goti, muundi, maana macho hayakumsaidia tena kitu. Mguu ulikuwa wa moto na kisigino kilikuwa na mpasuko. Alifunga fundo penye kisigino, machozi yakamdondoka kwenye mkeka.

"Unalia?"

"Ndiyo."

"Lia, lakini usisogeze kamba. Sasa, huyu Mama Joviale..."

Ntirenganya alifuata kamba, akakata mara moja. Ukuta ulisogea, sakafu ikashuka, betri ikahama. Umutesi aliingia akanyoosha miguu, akakanyaga pedali zote, na magoti yake hayakugusa kitu.

Jumapili walitoka pamoja, mume pembeni, mpaka karibu na Kituku. Hapo Namegabe akaomba kushuka.

"Mutu akiwa ndani hawezi kuona gari."

Umutesi alikwenda mbali akageuza. Namegabe alisimama kando ya barabara, akageuza kichwa huku na huku, pikipiki zikimpita. Aliusikia mlio wa injini yake, akautafuta, na alipoupata upande wake gari lilikuwa limekwisha kupita. Mkewe alirudi nyuma akasimama.

"Umeona?"

Angeweza kudanganya.

"Apana. Rudia."

Alirudia, sasa akipiga honi tangu mbali. Namegabe alikaza macho kuelekea sauti. Wekundu ukaingia kwenye tundu lake, ukakua, ukalijaza lote, ukapita. Alipiga makofi peke yake kama mtoto, na wauza samaki wakamgeukia.

Umutesi alisimamisha gari mbele yake, akatoa kichwa dirishani.

"Sasa umeona?"

"Gari nimeona," alisema Namegabe. "Rudia tena, nikuone weye."

Umutesi akageuza gari.